Jinsi ya kupima hewa chafu ya Arusha na kujua inatoka wapi: mwongozo kamili

Nimeletewa mafaili mengi ya vipimo vya hewa na walimu wa sayansi, wanafunzi wa vyuo na vikundi vya mitaa hapa Arusha. Karibu yote yana tatizo lilelile: namba zipo, tena nyingi, lakini hazijibu swali lolote. Mtu amefunga kifaa dirishani, amesubiri wiki mbili, kisha anataka kujua kama hewa ya mtaa wake ni mbaya na nani anaichafua. Kwa faili la namna hiyo hakuna awezaye kumjibu, hata awe bingwa kiasi gani.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Aliyeko Moshi atafanya vilevile. Aweke Mbuyuni au Pasua pale nitakapotaja Kilombero au Unga Limited.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vifaa vitatu vya kupima chembechembe, vya aina moja. Vile vya miale ya leza, vyenye kihisi cha PMS5003 au SDS011 ndani, vinatosha. Kimoja hakitoshi, na sababu utaiona kwenye hatua ya 2.

Kihisi cha unyevu na joto kwenye kila kifaa. Bila hicho, vipimo vya msimu wa kipupwe havina maana.

Kadi ya kumbukumbu kwa kila kifaa. Umeme na mtandao hukatika pamoja. Kadi haijali.

Pawabenki inayoweza kuchajiwa huku inatoa umeme. Si zote zinaweza, kwa hiyo ijaribu dukani kabla hujalipa.

Boksi la plastiki la mafundi umeme, elbo za bomba, kipande cha chandarua na waya wa kufungia.

Daftari gumu na penseli. Wino wa kalamu hutoka mvua ikinyesha.

Vipande vya kioo vya hadubini na vaselini, kwa ajili ya vumbi.

Ukiwa na fedha na maabara iliyokubali kukupokea: mirija ya kunasa gesi ya naitrojeni dioksaidi, na pampu ndogo yenye chujio.

Onyo moja hapahapa. Usinunue kihisi cha MQ-135 kwa kazi hii. Wanafunzi wengi wanakipenda kwa sababu ya bei yake, lakini kinaitikia gesi nyingi kwa pamoja, hata mvuke wa spiriti, na hakiwezi kukuambia kimenusa nini. Nimeona mradi mzima wa mwaka wa mwisho ukianguka kwa sababu ya kihisi hicho, na mwanafunzi alikuwa amejituma kwelikweli.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Hewa ya Arusha ikoje?" ni swali ambalo huwezi kulipima. "Moshi wa asubuhi hapa Sombetini unatoka barabarani au kwenye majiko?" unaweza.

Swali ndilo litakalokuambia uweke kifaa wapi, upime saa zipi na uandike nini daftarini. Likiwa na mahali, muda na vyanzo viwili vinavyoshindana, endelea. Likikosa kimojawapo, libadilishe kwanza.

## Hatua ya 2: Viweke vifaa vyote pamoja siku saba

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ukiiruka umepoteza kazi yote inayofuata.

Vifaa viwili vilivyotoka kiwanda kimoja siku moja havisomi sawa. Ukikipeleka kimoja Njiro na kingine Unga Limited, kisha ukakuta tofauti, hutajua kama ni hewa inayotofautiana au ni vifaa.

Vifunge vyote vitatu kwenye nguzo moja, urefu mmoja, umbali wa shubiri moja moja. Viache siku saba. Kisha chukua wastani wa kila kimoja. Tuseme A kimesoma maikrogramu 22 kwa mita ya ujazo ya hewa, B 25 na C 19. Wastani wa vyote ni 22. Basi kila namba ya B utaizidisha kwa 0.88, ya C kwa 1.16, na A utaiacha kama ilivyo. Ziandike namba hizo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya boksi la kila kifaa.

Utajua umefanikiwa ukichora grafu na kuona mistari mitatu inapanda na kushuka pamoja, hata kama haigusani. Mmoja ukipanda wakati mingine inashuka, kifaa hicho ni kibovu au kuna mdudu ndani. Usikitumie.

Wiki hii ya kuviweka pamoja utairudia mwisho wa kazi, kwa sababu feni huchoka na vumbi hujaa kwenye leza.

## Hatua ya 3: Chagua mahali

Unahitaji mahali patatu pa aina tatu.

Pa kwanza pawe karibu na chanzo unachokishuku, kwa mfano ukingo wa barabara karibu na soko la Kilombero. Pa pili pawe wanapoishi watu, hatua chache ndani ya mtaa. Pa tatu pawe mbali na vyote viwili, upande upepo unakotokea. Kwa mji huu, miteremko ya juu kama Ilboru hufaa, hasa usiku na alfajiri, hewa inapoteremka kutoka mlimani. Hapo pa tatu ndipo penye kukuonyesha hewa inayoingia mjini ikoje kabla mji haujaongeza chake. Bila pa tatu, utaulaumu mtaa kwa vumbi lililotoka mbali.

Mdomo wa kifaa uwe mita 2 hadi 4 kutoka chini: juu ya mikono ya watoto, lakini bado kwenye hewa tunayoivuta. Hewa ipite pande zote isipokuwa ule wa ukuta. Usifunge chini ya mti wenye majani mengi, wala kwenye kona, wala juu ya tundu la jiko.

Nitaeleza lililonipata. Niliwahi kufunga kifaa chini ya paa la nyumba moja kule Sakina, mita chache tu kutoka barabara ya Namanga. Kila siku kuanzia saa tano asubuhi namba zilipaa hadi mchana, nami nikaandika kwamba ni malori. Siku ya tisa nilikwenda mwenyewe nikakaa pale tangu asubuhi. Nyuma ya ukuta, ambako sikuwa nimepita, kulikuwa na mama anayepika chipsi na maharage kwa wafanyakazi wa gereji. Moshi wa jiko lake ulipanda ukutani, ukagonga bati na kujikusanya palepale nilipofunga kifaa. Nilifuta kurasa tisa. Tangu siku hiyo sifungi kifaa popote kabla sijapazunguka kwa miguu asubuhi, mchana na jioni.

## Hatua ya 4: Funga kifaa kiishi

Mdomo uelekee chini. Tumia elbo ya bomba kuukinga na mvua, na ufunike kwa chandarua ili buibui na nyigu wasiingie. Uzi mmoja wa buibui mbele ya leza hutoa namba kubwa ajabu usiku na mchana.

Boksi lisipigwe na jua la moja kwa moja. Likipashwa moto, kihisi cha unyevu kitasoma hewa kavu kuliko ilivyo, na hesabu ya hatua ya 7 itaharibika.

Zungumza na mwenye nyumba, na balozi au mwenyekiti wa mtaa ajue. Bandika namba yako ya simu kwenye boksi na maneno "kipimo cha hewa, hakirekodi sauti wala picha". Watu hung'oa kitu wasichokielewa, na wana haki ya kuuliza.

## Hatua ya 5: Patanisha saa za aina tatu

Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi, na ni kosa letu sisi tunaosema Kiswahili.

Vifaa vingi huandika muda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Juu ya hapo, daftarini tunaandika saa za Kiswahili. Kwa hiyo 05:00 kwenye faili ni 08:00 kwenye simu yako, na ni saa 2 asubuhi kwenye daftari. Muda ni uleule, lakini umeandikwa kwa namba tatu.

Kikundi kimoja kiliniletea grafu yenye kilele kati ya 15:00 na 17:00. Walikuwa wameshaandika kwamba chanzo ni vifodi (daladala ndogo) na magari ya shule ya alasiri. Tulipoongeza saa 3, kilele kikahamia kati ya 18:00 na 20:00, yaani saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Huo ndio muda majiko ya mkaa yanapowashwa nje ya milango. Walirudi mtaani jioni ile wakayaona majiko yenyewe.

Amua tangu siku ya kwanza: faili lote na daftari lote liandikwe kwa mtindo wa simu, saa 24, saa za Afrika Mashariki. Andika hivyo kwenye jalada la daftari.

Utajua umefanikiwa ukiwasha njiti ya kiberiti karibu na kifaa, ukatazama saa ya simu, kisha ukauona mruko kwenye faili muda huohuo.

## Hatua ya 6: Pima kwa muda wa kutosha, huku unaandika

Wiki mbili ni kiwango cha chini, kwa sababu unahitaji Jumapili mbili za kulinganisha na siku za kazi. Ukitaka kusema lolote kuhusu mwaka mzima, pima msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Masika hulaza vumbi. Agosti hadi Oktoba huliamsha.

Rekodi kila dakika 5 na utengeneze wastani wa kila saa. Saa iliyokosa zaidi ya robo ya vipimo vyake usiihesabu. Siku iliyokosa zaidi ya saa 6 usiihesabu pia. Ukiacha mashimo, wastani wako utakuwa wa saa zile tu ambazo umeme ulikuwepo.

Daftarini andika kinachoonekana na kinachonukia: taka zimechomwa nyuma ya gereji saa ngapi, barabara imemwagiwa maji, mvua imenyesha, umeme umekatika na majenereta yamewashwa, harufu ya plastiki. Andika na upepo. Funga uzi mwepesi kwenye kijiti na uangalie unaelekea wapi, mara tatu kwa siku.

Upepo wa hapa una tabia yake. Usiku hewa ya baridi huteremka kutoka Mlima Meru kuelekea mjini; mchana jua likipasha miteremko, hewa hupanda. Mji uliolala kusini mwa mlima, kama Arusha chini ya Meru au Moshi chini ya Kilimanjaro, unaweza kupata moshi wa jirani wa juu alfajiri na wa jirani wa chini adhuhuri. Na asubuhi tulivu zenye baridi, hewa ya juu ikiwa na joto kuliko ya chini, moshi hukaa kama uliofunikwa hadi jua lipande.

## Hatua ya 7: Chuja vipimo vya unyevu

Leza haijui tofauti ya chembe ya moshi na tone la ukungu. Chembe zikinyonya maji huvimba, na kifaa husoma uchafu ambao haupo. Juni na Julai, pale wingu linapokaa juu ya Arusha siku nzima, tatizo hili ni kubwa.

Weka alama kwenye kila saa yenye unyevu uliozidi asilimia 85. Usizifute. Piga hesabu mara mbili, na saa hizo na bila hizo, kisha utoe majibu yote mawili. Yakikaribiana, uko salama.

Usifute kipimo kwa sababu tu ni kikubwa. Kikubwa chenye maelezo daftarini ndicho ulichokuwa unakitafuta.

## Hatua ya 8: Tafuta chanzo

Hapa ndipo namba zinapoanza kusema. Tunaangalia PM2.5, yaani chembe ndogo kuliko maikromita 2.5. Unywele wa mtu una upana wa maikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi hufika ndani kabisa ya mapafu.

Anza na saa. Tengeneza wastani wa kila saa ya siku kwa wiki mbili zote. Vilele viwili, cha asubuhi na cha jioni, vinaweza kuwa magari au majiko. Kuvitenganisha, linganisha Jumapili na siku za kazi. Magari hupungua Jumapili asubuhi. Chai na uji havipungui. Kilele kikibaki palepale Jumapili, elekeza macho jikoni.

Kisha linganisha mahali. Kilele kikiwa kikubwa barabarani na kidogo ndani ya mtaa, barabara ina kesi ya kujibu. Vyote vitatu vikipanda pamoja kwa kiasi kimoja, pamoja na kile cha Ilboru, chanzo ni cha eneo zima au kimetoka nje ya mji.

Kisha upepo. Panga saa zako kwa upande upepo ulikotoka. Namba zikiwa juu upepo ukitoka upande mmoja tu, tembea kuelekea upande huo. Kaa upande wa chanzo unachokishuku ambako upepo unatokea dakika 30, kisha upande unakoelekea dakika 30. Rudia siku tatu. Mara moja haitoshi kumshtaki mtu.

Vumbi lina mtego wake. Vifaa hivi vya leza havioni vizuri chembe kubwa. Vinaandika PM10, yaani chembe ndogo kuliko maikromita 10, kwenye faili, lakini PMS5003 kwa mfano huikadiria tu kutokana na chembe ndogo. Kwa hiyo barabara ya vumbi ya Olasiti, inayowapaka watu rangi nyekundu hadi kwenye nyusi, inaweza kusomeka kama pasafi. Usimwambie mkazi wa pale kwamba hewa yake ni nzuri kwa sababu kifaa kimesema.

Tumia kioo. Paka vaselini nyembamba kwenye kipande cha hadubini, kiweke kibandani chenye paa siku moja, kisha kitazame. Chembe zenye kingo kali, za kahawia au zinazopitisha mwanga, ni udongo na mchanga. Vichembe vyeusi vilivyoshikana kama zabibu ni masizi. Weka kioo kimoja kwenye kila kituo, siku ileile, na upige picha. Picha tatu zikipangwa pamoja mkutanoni, huhitaji maelezo mengi.

## Hatua ya 9: Gesi

Kwa moshi wa magari, mirija ya naitrojeni dioksaidi ndiyo njia ya bei ndogo inayoaminika. Ni mrija mdogo wa plastiki wenye kemikali inayonasa gesi. Hauhitaji umeme. Unaufunga kwenye nguzo wiki 2 hadi 4, unauziba, unaupeleka maabara.

Weka mitatu mahali pamoja, maana mmoja ukipishana sana na wenzake utajua ni wa kutupwa. Mwingine usiufungue kabisa. Safiri nao kwenda na kurudi. Huo ndio utakaoonyesha kama mirija imechafuka njiani. Tarehe na saa ya kufungua na kuziba viandikwe palepale, si nyumbani.

Ukitumia kifaa cha umeme kinachosoma kwa sehemu kwa bilioni, kumbuka tuko juu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Sehemu 1 kwa bilioni ya naitrojeni dioksaidi, ambayo vitabu huigeuza kuwa maikrogramu 1.88 kwa mita ya ujazo, hapa ni karibu 1.6. Ukitumia namba ya pwani, utaipa Arusha uchafu wa zaidi.

## Hatua ya 10: Chujio na maabara

Leza hukuambia chembe ni nyingi kiasi gani, haikuambii zina sumu gani. Ukitaka kujua kuhusu risasi, zinki au masizi, unahitaji chujio.

Kabla hujanunua chochote, uliza. Mkoani Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini. Uliza wanapima nini, kwa chujio la aina gani, na kwa bei gani. Maabara ndiyo inayoamua ununue chujio lipi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme pampu imevuta lita 16.7 kwa dakika saa 24: hizo ni mita za ujazo 24. Chujio lilikuwa na miligramu 145.210, sasa lina 145.930. Limeongeza maikrogramu 720. Chujio tupu ulilosafiri nalo limeongeza 20, zitoe. Zimebaki 700; gawa kwa 24 upate 29 kwa mita ya ujazo.

Pima kasi ya pampu mwanzoni na mwishoni, hapahapa mjini na si kwa karatasi ya kiwandani. Kasi ikishuka, kichwa cha pampu huanza kupitisha chembe kubwa kuliko kilivyoundwa kupitisha.

Rangi ya chujio tayari inakupa fununu: jeusi ti ni dizeli au moto mkali, la kahawia ya njano ni kuni na taka zilizofuka bila kuwaka, lenye wekundu ni udongo. Maabara itaongeza ushahidi. Silikoni, alumini na chuma huashiria ardhi. Potasiamu huashiria kuni na majani. Zinki inaweza kutoka kwenye matairi, shaba kwenye breki. Klorini ikiandamana na risasi, fikiria taka za plastiki na betri zilizochomwa. Alama moja peke yake haitoshi. Tafuta zinazokwenda pamoja na ukurasa wa daftari.

## Hatua ya 11: Andika ripoti ya ukurasa mmoja

Linganisha wastani wako wa saa 24 na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021: PM2.5 isizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku, na 5 kwa wastani wa mwaka. Wastani wa wiki mbili usiulinganishe na kiwango cha mwaka. Tanzania ina kanuni zake za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Zitaje pia, kwa sababu ofisa anafanya kazi kwa kanuni hizo.

Andika ulichopima, mahali, urefu kutoka chini, tarehe, saa zilizokosekana, namba za marekebisho za hatua ya 2, na majibu mawili ya unyevu. Sema chanzo kwa kiwango cha ushahidi ulio nao: "kilele cha jioni kinaendana na majiko ya mkaa" ni sentensi unayoweza kuitetea. Jina la jirani usiliandike.

Nakala ya kwanza ipeleke kwa waliokuruhusu kufunga boksi ukutani kwao. Ya pili kwa ofisi ya mtaa, ya tatu kwa ofisa mazingira wa halmashauri, na kama kuna kiwanda ndani yake, ya nne kwa taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, NEMC. Ambatisha faili ghafi, picha za kila kituo na nakala za kurasa za daftari, na uombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.